Dirisha la Tatu la Sikio

Uma wa sauti wenyewe hauna maringo. Ni chuma kimoja kilichopindwa: meno mawili juu, shina fupi, na kitako kidogo cha duara kinachokaa vizuri juu ya mfupa. Kwenye shina imechongwa namba 512, maana ukiugonga, meno yake hutetemeka mara 512 kwa sekunde, hayazidi wala hayapungui. Pembeni yake umelala mwingine, mrefu na mzito zaidi, uliochongwa 128. Huo sauti yake iko chini sana, kiasi kwamba mkono unaushika mtetemo kabla sikio halijaipata sauti. Tabibu wa masikio ameviweka vyote viwili juu ya kitambaa safi, pamoja na kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio, pamba, na daftari lenye jalada gumu. Leo kliniki ya mkoba iko Ukata, wilayani Mbinga, katika darasa lililoazimwa kwa asubuhi moja.

Uma wa sauti ulibuniwa London mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta, ili wanamuziki wapate sauti moja ya kurekebishia ala zao. Zaidi ya miaka mia ilipita kabla haujapewa kazi ya kuyachunguza masikio. Ernst Heinrich Weber alieleza mwaka 1834 jinsi sauti inavyopita katika mfupa wa kichwa, na Heinrich Adolf Rinne akaeleza mwaka 1855 jinsi ya kulinganisha sauti ya mfupani na ile ya hewani. Majina ya Wajerumani hao wawili ndiyo yanayoitwa mpaka leo kila tabibu anapouinua uma wake.

Kabla ya kugusa sikio la mtu, tabibu huyu anashughulika kwanza na chumba. Anafunga madirisha ya upande wa barabara, kwa sababu ya pikipiki. Anatoka nje kuwaomba waliokaa kwenye benchi washushe sauti, na anawaomba kwa heshima, mzee mmoja mmoja. Anakiondoa kiti karibu na ukuta na kukiweka katikati ya darasa. Kisha anasimama, hafanyi kitu, anasikiliza. Mahali fulani mashine ya kumenya kahawa inaunguruma. Anasubiri inyamaze. Anayeketi kwenye benchi angeweza kudhani kazi haijaanza, kumbe imeanza zamani.

Anayeingia wa kwanza ni bibi, mkulima wa kahawa, amejifunga khanga mbili.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Sikio la kushoto limeziba, anasema bibi, ni miaka mingi sasa. Halafu anaongeza neno ambalo wengi hulipita: akisema, sauti yake mwenyewe inamrudia na kuvuma ndani ya sikio hilo. Tabibu anaiacha kalamu. Anamgeukia vizuri na kuanza kuuliza, swali moja moja, akingoja jibu liishe ndipo alete jingine. Ukitafuna mahindi ya kuchoma, kule kutafuna kunasikika zaidi upande huo? Ukitembea, unazisikia nyayo zako kichwani? Kengele ya kanisa ikilia karibu, au ngoma, unaona kizunguzungu? Ukikohoa, au ukijitwika mzigo mzito, dunia inacheza machoni? Ukiyageuza macho huku na huku, sikio linasikia chochote?

Swali la mwisho huwafanya watu watabasamu. Bibi naye anatabasamu, na kujibu hapana. Tabibu hatabasamu. Wako watu, wachache lakini wapo, ambao husikia macho yao yakigeuka, mkwaruzo mdogo ndani ya fuvu, na wengi wao hawajathubutu kumwambia mtu wakiogopa kuonekana wamerukwa na akili. Analiuliza swali hilo kwa sauti ileile aliyoulizia umri, ili siku atakapoketi mbele yake mwenye jibu la ndiyo, aone ni jambo la kawaida kulisema.

Kisha anachungulia. Analishika sikio sehemu ya juu kwa vidole viwili, analivuta juu na nyuma kidogo ili njia ya sikio inyooke, na ndipo anaingiza kifaa chenye taa. Kiganja kinachokishika kimeegemea shavu la bibi, ili bibi akishtuka, kifaa na kichwa viende pamoja. Sikio la kulia: njia safi, na kiwambo chake kinang'aa rangi ya kijivu cheupe. Sikio la kushoto: nta kidogo, anaiondoa taratibu mpaka anakiona kiwambo chote. Kiwambo hakijatoboka, ila kimevutwa ndani na kina kovu jeupe. “Utotoni sikio hili lilitoka usaha, bibi?” Lilitoka, tena kwa miaka.

Sasa anauchukua uma wa 512. Anaushika shinani kwa vidole viwili na gumba, mbali na meno, kwani kidole kikigusa jino, sauti inakufa. Haugongi mezani. Kitu kigumu huzaa milio mingine ya juu inayochafua ile moja inayotakiwa. Anaugonga kwenye kiwiko chake mwenyewe, pigo fupi lisilo na nguvu nyingi, na mara hiyohiyo anakiweka kitako katikati ya paji la uso wa bibi. “Sauti iko upande gani?” Bibi anaonyesha kushoto, upande wa sikio bovu, kisha anamtazama tabibu kwa wasiwasi, akidhani amekosea. Hajakosea. Sikio ambalo njia yake ya hewa imeharibika huisikia sauti ya mfupani kwa nguvu zaidi, na hicho ndicho kipimo cha Weber.

Kinafuata cha Rinne. Uma unagongwa tena, kitako kinakaa juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha meno yanaletwa mbele ya tundu la sikio, upana wa kidole kutoka njiani. Ipi kubwa, ya nyuma au ya mbele? Kulia, ya mbele. Kushoto, ya nyuma. Anarudia. Safari ya tatu anafanya jambo ambalo ningelipita kama nisingekuwa nautazama mkono wake: anaupeleka uma kwenye kiwiko, anaugusisha tu bila kuugonga, na kuuweka nyuma ya sikio ukiwa kimya. Bibi anatulia, anakunja uso. “Huu hauna kitu.” Tabibu anaandika. Watu wenye adabu humjibu mganga kile wanachodhani anataka kusikia, na uma uliokaa kimya ndio unaompa uhakika kwamba majibu yaliyotangulia yalitoka sikioni.

Ili kuona kwa nini haridhiki bado, ni lazima kuingia ndani ya mfupa pamoja na sauti. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudishwa ilikotoka, na sikio la ndani limejaa majimaji. Sikio la kati ndilo linalolitatua tatizo hilo. Kiwambo hupokea mtetemo na kuukabidhi kwa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3, uzito wake kama miligramu 3. Kiwambo kina eneo kubwa kuliko kitako cha kikuku kwa karibu mara 17, na vifupa vimeungana kwa namna ya wenzo, hivyo msukumo unaofika majini unakuwa umeongezeka kwa takriban mara 22. Kitako hicho kimekaa katika dirisha la kwanza la sikio la ndani.

Lakini maji hayabonyei. Kikuku hakiwezi kuingia hata nukta moja ndani ya mfupa uliojaa maji pande zote, isipokuwa maji yapate pa kutokea. Ndiyo sababu kuna dirisha la pili, la mviringo, lililozibwa na utando laini: kikuku kikisukuma ndani, utando unavimba nje, kikivuta, nao unarudi. Katikati ya madirisha hayo mawili imejizungusha koklea, mfereji wa kama milimita 35 ukinyooshwa, na ndani yake umetandazwa utando wenye seli za usikivu zipatazo 15,000. Wimbi haliwezi kutoka dirisha moja kufika la pili bila kuutikisa utando huo. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, aliyeyatazama mawimbi hayo kwa hadubini katika masikio ya maiti, alitunukiwa Nobel mwaka 1961. Kila tunachokisikia hutegemea hesabu hiyo: njia ya kuingilia moja, ya kutokea moja, na ukuta mzima kila mahali kwingine.

Sikio la ndani lina sehemu nyingine zaidi ya koklea. Maji hayohayo yanaendelea mpaka kwenye mifereji mitatu ya nusu duara, inayoujulisha ubongo kichwa kimegeuka upande gani. Mfereji wa juu umepanda karibu sana na sakafu ya ubongo, na kati yao pana ukuta mwembamba wa mfupa. Kwa watu wachache ukuta huo haupo. Pana tundu, pengine la milimita chache tu, na mfereji unagusana moja kwa moja na utando unaoufunika ubongo. Hilo ndilo dirisha la tatu.

Wamatengo, wenyeji wa Mbinga hii, ambao kilimo cha ngoro ni chao tangu mababu, wangelielewa jambo hili haraka. Mteremko umepangwa mashimo safu kwa safu, kila shimo limezungukwa na matuta yaliyofukiwa majani, ili mvua itue shimoni na kuzama taratibu. Tuta likitoboka mahali pamoja, maji huifuata njia iliyo rahisi, na pale yalipokusudiwa kutua pananyauka. Katika sikio lenye dirisha la tatu, kikuku kinasukuma vilevile, lakini sehemu ya nguvu ya kila sauti nzito inapotelea katika mfereji wa juu na kutokea kwenye tundu kabla ya kuufikia utando wa koklea. Mtu huyo husikia vibaya sauti za chini zinazokuja kwa njia ya hewa, ingawa kiwambo chake ni kizima na vifupa vyake havina kasoro.

Upande wa mfupa mambo hugeuka. Fuvu likitetemeka, maji ya sikio hutikiswa pande zote kwa pamoja. Katika sikio zima msukumo wa juu ya utando na ule wa chini yake karibu hulingana, na tofauti ndogo inayobaki ndiyo inayosikika. Tundu likiwapo, upande mmoja umepata upenyo na mwingine haukupata. Tofauti inakua, na sikio linaanza kusikia mwili wenyewe: sauti ya mwenye sikio, kutafuna, mapigo ya moyo, nyayo, macho. Kwa hiyo sikio lilelile huwa zito kwa dunia na jepesi kupita kiasi kwa mwili. Na ukimpima mtu huyo kwa uma, huenda akajibu kama alivyojibu bibi: sauti inakwenda upande mbovu, na ya mfupani inashinda ya hewani.

Hapo ndipo tabibu anauweka chini uma wa 512 na kuchukua ule mzito. Anapiga goti sakafuni. Anamwomba bibi avue kandambili ya kushoto, anaufuta mguu vumbi kwa kitambaa, anaugonga uma kwenye goti lake mwenyewe, na kukikaza kitako juu ya kifundo cha mguu, pale mfupa ulipo karibu kabisa na ngozi. “Unasikia sauti, bibi, au unaona tu mtetemo?” Baadhi ya wenye dirisha la tatu huisikia sauti hiyo sikioni, imepanda mfupani kutoka kifundoni hadi fuvuni. Bibi anafumba macho na kungoja. “Naona mguu unatetemeka tu.” Uma unahamia mguu wa pili. Hapana. Unarudi wa kwanza, na jibu ni lilelile. Dakika zinapita kwa ajili ya kitu ambacho huenda hatakiona kwa miaka, na pigo la mwisho ni la uangalifu uleule kama la kwanza.

Limebaki jambo moja. Anakaa uso kwa uso na bibi, anamwomba atazame kitu kimoja ukutani, na kukibonyeza polepole kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio mpaka hewa ya ndani ikazike. Macho yake hayatoki kwenye macho ya bibi. Kama kuna dirisha la tatu, msukumo huo mdogo huweza kuyasogeza maji ya mfereji wa juu, ubongo ukadanganyika kwamba kichwa kimegeuka, na mboni zikateleza. Mtaliano Pietro Tullio alilionyesha jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1929: aliitoboa mifereji ya masikio ya njiwa, na sauti ilipolia, njiwa waligeuza vichwa bila hiari. Mboni za bibi zimetulia.

Kwa binadamu, ilichukua karibu miaka 70 tangu njiwa wale mpaka mtu aunganishe mambo. Mwaka 1998, Lloyd Minor na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walieleza habari za wagonjwa waliopata kizunguzungu kwa sauti au kwa kujikaza. Walitazama macho yao yanakoelekea yanapoteleza, wakaona yanafuata mkao wa mfereji wa juu, na picha za mfupa zikalionyesha tundu. Miaka miwili baadaye timu hiyo ikachapisha matokeo ya kuchunguza mifupa 1,000 ya masikio iliyohifadhiwa: mitano tu ndiyo iliyokuwa na tundu kamili. Kabla ya hapo, na hata baada yake, wapo waliofanyiwa upasuaji wa kikuku kisichokuwa na tatizo, kwa kuwa uma na mashine vilisema njia ya hewa imeharibika na hakuna aliyeuliza la zaidi.

Kama bibi angejibu “nasikia”, angehitaji hospitali yenye vifaa vikubwa. Kule kuna mashine inayopima kama msuli wa kikuku bado unajikaza kwa sauti kali. Kikuku kikikwama, mkazo huo hupotea, lakini mwenye dirisha la tatu huwa nao. Halafu CT-Scan ya vipande vyembamba, vinavyopangwa kuufuata mkao wa mfereji wenyewe, maana picha iliyokatwa vibaya huonyesha tundu pasipo na tundu. Kwa anayeteseka sana kuna upasuaji: mpasuaji hufungua fuvu juu ya sikio, huuinua ubongo taratibu ukiwa ndani ya utando wake, hulitafuta tundu, na kuuziba mfereji kwa nyama nyembamba ya mgonjwa mwenyewe na unga wa mfupa wake. Anaziba kiasi cha kutosha na kuacha. Akikosa kipimo, sikio huweza kupoteza usikivu uliokuwa umebaki.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba mkono wa mpasuaji umewahi pia kulitoboa sikio la ndani kwa makusudi. Kuanzia mwaka 1938 Julius Lempert, wa New York, aliwasaidia watu waliokwama kikuku kwa kuwachongea dirisha jipya katika mfereji wa pembeni, na wengi wakasikia tena, mpaka John Shea alipofanikiwa mwaka 1956 kukiondoa kikuku na kuweka cha bandia. Na tangu Juni 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, hupandikizwa vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa bila kusikia: waya laini huingizwa ndani ya koklea kupitia dirisha la mviringo au tundu dogo linalochongwa kando yake, kisha panazibwa. Tundu linaloharibu na tundu linaloponya huachana kwa mahali, kwa kipimo, na kwa anayejua kulifunga.

Kazi ya bibi haijafika huko. Tabibu anafungua daftari na kuandika barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, kwa mwandiko usio na haraka. Anaandika usaha wa utotoni, kovu na kiwambo kilichovutwa ndani. Anaandika Weber kushoto, na Rinne ya kushoto mfupa kushinda hewa. Chini ya hapo anaandika mistari miwili ambayo barua nyingi hazina: uma wa 128 kifundoni, hausikiki pande zote mbili, macho yametulia kwa msukumo. Mwishoni anaweka maoni yake kwamba tatizo huenda liko kwenye vifupa. Halafu anamsomea bibi yote kwa lugha ya nyumbani, na kumweleza kwamba sauti kuvuma sikioni ni jambo la kawaida njia ya hewa inapoziba, na hajarogwa na mtu.

Mistari ile miwili ya “hakuna” ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi. Atakayeipokea barua Songea au Dar es Salaam hatalazimika kubahatisha, na kama siku moja atafungua sikio la bibi, ataingia akijua ni nini kimeshaulizwa. Mashine kubwa itaonyesha mfupa wa yeyote atakayelazwa ndani yake, lakini haiwezi kumchagua wa kulazwa. Uchaguzi huo unafanywa vijijini, na mtu aliyekubali kupiga goti kwenye sakafu ya darasa kutafuta jibu ambalo karibu kila mara huwa hapana. Wilaya zetu zinawahitaji watu wa namna hii wengi zaidi, wafundishwe vizuri, na wapewe muda wa kutosha kwa kila sikio.